Insha ya Kutetea Mashine

Picha ya insha ile ilifika kambini kabla ya msichana aliyeiandika. Yeye alikuwa bado darasani akifuta ubao, kwa sababu Ijumaa hiyo zamu ilikuwa yake. Huko chini, kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa safu kwa safu ubavuni mwa kilima, wanawake waliotoka kuchuma chai walikuwa wakipokezana simu, wakiyakuza maandishi kwa vidole viwili, na kusomeana kwa sauti jinsi binti ya msemaji wao alivyotaka mashine zichukue kazi yao.

Nilikuwa mwalimu wake wa Kiswahili. Shule yetu ya kutwa imezungukwa na mashamba ya chai, kando ya barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet, na ukifungua dirisha la darasa lolote unakutana na kijani kitupu, kimepunguzwa sawasawa kama nywele za mtoto, hadi pale macho yanapochoka. Nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani yule anayelipwa kwa michango ya wazazi na anayeweza kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asije. Alfajiri niliandika riwaya yangu. Kengele ikilia, niliwafundisha wengine kuandika.

Kidato cha tatu walikuwa na ugonjwa mmoja. Ukiwaambia waandike insha ya kushawishi, walimwaga methali. Insha ya kupinga simu shuleni ilianza na umoja ni nguvu, ikapitia mtaka cha mvunguni, ikaishia majuto ni mjukuu, na katikati hapakuwa na hoja hata moja ya kusimama kwa miguu yake. Tangu shule ya msingi waliambiwa methali ni mapambo, nao wakaja kwangu na mapambo bila nyumba. Nikazipiga marufuku. Kisha nikaleta habari. Kila Jumatatu, waliokuwa na redio nyumbani walitusimulia yaliyotangazwa, nami nilileta gazeti kuukuu kutoka hoteli ninaponunua mandazi, na kwa pamoja tukachagua jambo moja la kubishania juma zima. Bei ya mbolea. Helmeti za bodaboda. Wasichana waliojifungua kurudi darasani.

Bado insha zilikuwa baridi. Wote walisimama upande mmoja na kuandika kama watu wanaopiga makofi mkutanoni. Basi nikaweka sheria. Anayekubali aende upande wa madirisha, anayepinga aende mlangoni. Wakishasimama, wabadilishane nafasi. Kila mmoja atetee upande usio wake, na autetee kwa nguvu zake zote.

Juma ninalolisimulia, mashine zilikuwa zimepita. Tuliziona asubuhi tukienda shuleni, juu ya trela, zimefunikwa turubai, na tingatinga lililozivuta lilikwenda polepole kiasi kwamba wanafunzi wa miguu walilipita wakigeuka kutazama. Ni mashine za kuchuma chai. Wanaume wawili huishika moja, huyu upande huu wa mstari na huyu ule, wa tatu akifuata na mfuko, na pale walipopita hapabaki kazi ya kikapu. Redioni watu walikuwa wakirushiana maneno kuhusu mashine hizo. Kwetu halikuwa jambo la redio. Ofisi ya shamba ilikuwa imemwita msemaji wa wachumaji aje Alhamisi ya juma lililofuata, na kila mtu alijua kitakachozungumzwa: nani abaki na nani aende. Katika nyumba za kampuni, anayeachishwa kazi hukabidhi ufunguo.

Nilipoandika ubaoni kwamba mashine zipigwe marufuku, karibu darasa zima lilisongamana upande wa kukubali. Upande wa mlango walibaki wavulana wachache ambao baba zao walikuwa wamefunzwa kuziendesha.

"Sasa badilishaneni," nikasema.

"Ai, Madam! Hiyo ni kutuchoma."

"Madam, mamangu akisikia natetea mashine, chapati ya Jumapili nitaisikia harufu tu."

"Mama yako hatasikia. Ni insha."

Msichana yule hakucheka. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kushika kalamu mdomoni kama msumari wa fundi. Alivuka darasa hadi mlangoni, akasimama, kisha akauliza, "Na nikishinda?"

"Utamshinda nani?"

"Mimi mwenyewe."

Nilimwambia hilo ndilo zoezi.

Alileta insha yake Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Haikuwa na methali hata moja.

"Mama yangu hulala kifudifudi kwa sababu mgongo wake haukubali tena godoro," aliandika. "Asubuhi vidole vyake havifunguki mpaka avitie katika maji ya moto. Tunakipigania kikapu kana kwamba kikapu kiliwahi kutupenda. Mashine haina mgongo. Haibebi mimba huku ikipanda mlima kwenye mvua ya mawe. Mnasema kazi hii ni ya mama zetu. Nawauliza: ni mama gani kati yenu anayemtakia binti yake kikapu? Kama hayupo, basi tunamlindia nani kazi hii?"

Kila Ijumaa nilibandika insha bora kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, chini ya karatasi pana ya manila yenye swali na maelezo ya zoezi. Niliibandika hiyo pia. Mchana akapita mzazi aliyekuja kulipa karo, akaisoma, akaipiga picha. Picha ilianza kwenye mstari wa kwanza wa insha na kuishia kwenye jina la msichana. Karatasi ya manila ilibaki ukutani.

*

Jumatatu msichana alikuja peke yake. Kwa kawaida walikuja kundi zima kutoka kambini, wakisikika kabla ya kuonekana. Nilimkuta kando ya tangi la maji, nikamuuliza kunani.

"Wamemwacha mama," akasema.

Sikuelewa, akanieleza. Wachumaji hupanda mlima bega kwa bega, kila mmoja na mstari wake. Hakuna aliyeandika sheria hii mahali popote, lakini anayefika juu kwanza hageuki kwenda zake. Hurudi kumpokea jirani, wakachuma pamoja mstari wa yule aliyechelewa mpaka wakutane. Ndivyo wajawazito wanavyomaliza siku, na wagonjwa, na walionyimwa usingizi na mtoto mchanga. Jumamosi walifika juu wote, wakaketi, wakamtazama mama yake akichuma mstari wake peke yake tangu katikati ya mlima. Hakuna aliyetukana. Walitazama tu.

"Mwenyewe amesema nini?"

"Hajasema. Amepika, tumekula. Ameniuliza kama nina mtihani."

Mama huyo nilimjua kwa sura. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka upande wa Kisii aliyemlea binti yake bila mume. Wengi wa wenzake walikuwa na kipande cha ardhi mahali, chai kidogo huko Sosiot au mahindi Kedowa, hata kama ni ya mashemeji. Yeye hakuwa na hata pa kutundika kikapu nje ya nyumba ile ya kampuni. Na kwa sababu hiyohiyo walimchagua awe msemaji. Walisema asiye na pa kurudi hawezi kununuliwa, maana akiuza wenzake atalala wapi? Sasa, baada ya insha, maneno yalikuwa yamegeuzwa kama nguo: asiye na pa kurudi ndiye wa kwanza kununuliwa. Ameahidiwa kazi ya kushika mfuko wa mashine. Binti ameahidiwa kusomeshwa. Ndiyo maana ameanza kutuzoeza kwa maandishi.

"Jumatano watakaa kikao bandani, majani yakishapimwa," msichana akasema. "Wanataka kumtoa. Alhamisi aende mwingine."

"Na mwingine akienda?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Madam, huyo mwingine ako na shamba. Wakimwambia nyumba zifungwe, yeye atauliza tu zitafungwa lini."

Kabla sijajua la kufanya, niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mpole aliyeogopa simu yake mwenyewe. Ilikuwa mezani, kifudifudi.

"Madam, keti. Ofisi ya shamba wamenipigia."

"Wamekasirika?"

"Wamefurahi. Hiyo ndiyo shida." Alipangusa uso. "Wanataka huyo msichana aisome insha yake Alhamisi, mbele ya wachumaji. Wanasema ni sauti ya vijana. Wametaja hata karo yake."

"Mwalimu, lilikuwa zoezi la darasani."

"Najua ni zoezi. Lakini hii shule imekaa kwa ardhi ya nani? Na wewe, kandarasi yako inaisha lini?" Hakulisema kama kitisho. Alilisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Mwambie ajitayarishe. Halafu kuanzia kesho, tafadhali, andikeni juu ya usafi wa mazingira."

Nilimwambia msichana kila neno, kwa sababu jambo lilikuwa lake. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya kiwandani, ile harufu ya majani yanayokaushwa, tamu mwanzoni na nzito ukiivuta sana.

"Hiyo ya karo ikijulikana kambini kuwa ni kweli, mama amekwisha," akasema.

"Utasoma?"

"Sijui." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Madam, kuna kitu kingine. Nilianza kuandika nikijua ni uongo. Nikafika ile sehemu ya mgongo, nikaona si uongo. Sasa sijui niko upande gani."

Nilitaka kumpa jibu la kitabuni. Nikamwambia tu kwamba kuona nguvu ya hoja ya mtu si kuhamia kwake. Aliitikia kwa kichwa, lakini sidhani kama lilimsaidia. Hata mimi nililisema haraka mno.

"Jumatano utakuja na mimi?" akauliza.

*

Mvua ilitutangulia. Banda la kupimia majani ni paa la mabati juu ya nguzo, na mvua ya Kericho ikianguka juu ya mabati watu huzungumza kwa kupokezana na ngurumo. Lori lilikuwa limeshaondoka na majani. Wanawake waliketi juu ya vikapu vilivyopinduliwa, aproni za plastiki zikiwachuruzika maji, na hakuna aliyesogea kutupa nafasi.

"Karibu, meneja," akasema mmoja, mnene, mwenye sauti ya kufika mbali, aliyetoka upande wa ziwa na aliyejulikana kambi nzima kwa mizaha. Alinitazama na mimi. "Eh, na umekuja na sekretari wako!"

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema.

Aliyeongoza alikuwa mchumaji mkongwe kuliko wote, Mkipsigis waliyemwita kogo, nyanya. Alitusalimu "chamgei", tukaitikia, akaonyesha kwa kidole mahali pa kusimama. Mama ya msichana aliketi ubavuni mwa mizani, peke yake, mikono mapajani. Utaratibu wao ulikuwa kwamba anayezungumziwa hafungui mdomo mpaka wengine wote wamalize. Hakumtazama binti yake.

"Mwalimu ameomba kusema," akasema kogo. "Sema, mwalimu."

Nilieleza. Nikasema kila mwanafunzi alipewa upande usio wake, kwamba msichana huyu kwa moyo wake alikuwa amesimama na mama zake, kwamba picha ilikata maelezo. Niliusikia ubora wa Kiswahili changu na ukanikera.

"Sasa hiyo ni zoezi ya kutuzika?" akauliza mmoja.

"Madam," akasema yule wa mizaha, "hata wangu uko naye hapo kidato cha tatu. Yeye aliandika nini?"

"Naye alitetea mashine."

"Na mbona yake haikutumwa kwa simu?"

"Haikuwa nzuri."

Kicheko kiliwaponyoka wote, hata kogo. "Huyo leo nitamwona!" akapiga paja. "Karo nalipa, na hata kutusaliti hajui!"

Lakini mwanamke mmoja wa nyuma, mwenye shuka ya kijani kichwani, hakucheka. Alisimama.

"Mimi sina kelele. Nauliza tu. Tulimchagua huyu mama kwa sababu gani? Tulisema hana pa kwenda, hatatuuza. Sasa nasikia ofisi imemwita huyu mtoto asome kesho. Nasikia karo italipwa. Ni uongo?"

Mvua ikaongezeka. Kumbe habari ilikuwa imeshatutangulia. Nilifungua mdomo. Msichana akanigusa mkono.

"Si uongo," akasema. "Wameniita."

Manung'uniko yakapanda kama nyuki waliopigwa kijiti. Mama yake alifumba macho.

"Wameniita, na sitaenda," akaendelea, na ikabidi apaze sauti. "Lakini nyinyi mkienda kesho, haya maneno mtayakuta huko. Mnafikiria wanangoja insha yangu? Wako nayo. Wana wanasheria wa kuiandika vizuri kuliko mimi. Nimeandika yale watasema. Mtawajibu nini?"

"Tutawaambia hatutaki!"

"Watasema wamesikia. Halafu?"

"Umoja ni nguvu!" akalia mwingine.

"Nguvu ya kufanya nini?" Msichana alipanda juu ya kreti ya mbao. Nilimwona akivuta pumzi, akanyoosha mabega, akaweka mikono nyuma kama wanavyosimama wakubwa wa shamba wanapotembelea kambi. "Nijibuni mimi kwanza. Leo mimi ni meneja. Mkinishinda mimi, kesho mtakuwa mmepita hapo tayari."

"Shuka hapo, wewe mtoto."

"Mwacheni," akasema kogo. "Nataka kumsikia huyu meneja."

Ilianza kama mchezo. Yule wa mizaha alisimama, akapiga saluti, akasema, "Meneja, mashine yako inachuma hata nyoka."

"Tutalipa watu wa kutoa nyoka."

"Inachuma majani mazee na machanga pamoja. Chai itakuwa mbaya."

"Wanunuzi hawajalalamika. Mwingine."

"Sisi tumefanya kazi hapa tangu ukiwa mdogo!"

"Na tunawashukuru sana. Mwingine."

Hapo vicheko vilikufa. Aliwajibu mmoja baada ya mwingine kwa upole ule wa ofisini unaokata kuliko ukali, na kila jibu nililitambua. Ilikuwa insha yake, imeshuka kutoka karatasini na kuvaa viatu. Mwanamke mmoja alisema nyumba ndizo nyumba zao. Akamjibu kwamba nyumba ni za kazi. Mwingine alitaja watoto; akamuuliza kama kampuni ni baba yao. Mwanamke wa shuka ya kijani alisogea mbele, akamnyooshea kidole karibu na uso.

"Unafurahia!" akasema. "Mtazameni, anafurahia!"

Msichana aliyumba juu ya kreti. Niliogopa ataanguka kutoka pale juu. Badala yake akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya meneja wala ya mwanafunzi, "Ni nani hapa anamtakia binti yake kikapu?"

Mvua ilitembea juu ya mabati kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Nilitazama mikono iliyokuwa mapajani mwao, yote nyeusi vidoleni kwa utomvu wa chai, rangi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Mmoja alificha yake chini ya aproni.

"Kama hayupo," msichana akasema, "mnamlindia nani kazi?"

Kogo aligeuza kichwa polepole hadi kwa mama aliyeketi kando ya mizani. "Wote wamesema," akasema. "Sasa jibu wewe. Mjibu meneja."

Mama alisimama. Ilimchukua muda, mkono mmoja kiunoni. Alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Hakuna," akasema. "Mimi simtakii. Ukimpa kikapu leo nitakivunja."

"Aaa!" mmoja kutoka nyuma akalia. "Si mnasikia? Amekubali mashine!"

"Sijamaliza. Sikuja kuomba kikapu cha mtoto wangu. Nimekuja kuomba changu. Nacho siombi cha milele. Nataka nichume mpaka huyu amalize shule, na nilale kwa hiyo nyumba mpaka amalize. Na wa huyu. Na wa huyu. Akishamaliza wa mwisho, leta mashine yako nikusaidie kuisukuma."

"Kwa hivyo tusiseme zitolewe?" yule wa mizaha akauliza, na hapakuwa na mzaha ndani yake.

"Tumesema zisije tangu mwaka jana. Hazikuja?"

Wanawake walianza kusemezana, Kipsigis na Kisii na Kijaluo kwa pamoja, wengine wakitikisa kichwa kwa hasira. Mwanamke wa shuka ya kijani alisema huko ni kuuza mlima kwa vipande vipande. Nilidhani mambo yameharibika. Ndipo msichana, kutoka juu ya kreti, akarudisha mikono yake nyuma.

"Mama," akasema kwa ile sauti ya ofisini, "kampuni haiwezi kungoja mtoto wa kila mtu amalize shule."

Nilitamani angenyamaza. Alikuwa amepata nafasi ya kumwacha mama yake ashinde, na hakumwachia.

Mama alimsogelea hadi magoti yake yakagusa kreti. "Basi chagua," akasema.

"Nini?"

"Chagua ni nani hatamaliza. Si wewe ni meneja? Hawa wote wako hapa. Nyoosha kidole. Sema: wako amalize, wako aache. Anza na huyo." Akaelekeza kidevu kwa yule wa mizaha. "Ama anza na aliyekunyooshea kidole, huyo wa kijani. Onyesha."

Msichana aliinua mkono. Kweli aliuinua. Kidole kikapita juu ya nyuso zile moja moja, na kila uso ulikabiliana nacho bila kukwepa, na nilijua anawaona watoto wao nyuma yao, yule wa dawati la mbele, yule wa mbio za nyika, yule ambaye insha yake haikuwa nzuri. Mkono ulianza kuzama. Aliushusha, akashuka kutoka kwenye kreti, akasimama chini kati yao akiwa na urefu wake wa kawaida.

"Siwezi," akasema.

"Basi na wao kesho waonyeshe," mama akasema, akimgeukia kogo. "Mbele yetu. Kwa kidole. Si kwa barua."

Kogo alisubiri. Hawakupiga kura, huko hawapigi. Alizunguka nyuso zote kwa macho akiuliza, "Nani ako na ingine?" Kila aliyemtazama alitikisa kichwa au akatazama chini. Alipofika kwa mwanamke wa shuka ya kijani, huyo akasema, "Mimi bado sijamwamini."

"Usimwamini," kogo akamwambia. "Kesho wewe ndiye utasimama karibu yake, usikie kila neno. Basi. Ataenda huyu."

Hakuna aliyepiga makofi wala kumkumbatia mtu. Walifunga aproni, wakapachika vikapu mgongoni, wakatoka bandani, mvua ikiwa imepungua. Yule wa mizaha alipompita msichana alimwambia, "Meneja, wewe ni mbaya," na sikuweza kujua ni sifa au ni lawama. Nadhani hata yeye hakujua.

Nilimtumia mwalimu mkuu ujumbe kwamba msichana hatasoma. Nilijua kandarasi yangu sasa imelala mezani kwake, kifudifudi, kando ya simu.

Njia yetu ilikuwa moja mpaka kwenye daraja dogo, kisha wao washuke kambini nami nipande barabarani. Nilitembea nyuma yao. Ukungu ulikuwa unashuka juu ya chai na mashine zilikuwa upande wa pili wa bonde, chini ya turubai lake, bado hazijawafikia. Mama na binti walitembea bila kugusana. Nilifikiri wamekasirikiana, na labda walikuwa wamekasirikiana, lakini nilipokaribia nikasikia wanazungumza.

"Mama, kampuni inasikitika kuwajulisha—"

"Usianze na kusikitika. Huyo mtu hasikitikagi. Anza na nyumba."

"Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi."

"Na mimi si mfanyakazi? Namba yangu ni gani kwa mizani?"

"Kuanzia mwezi ujao hutakuwa."

Mama alisimama katikati ya njia. Nami nikasimama. Alitafuta jibu, na hakupata. Msichana akamshika kiwiko.

"Mama, tuache. Umechoka."

"Hapana," mama akasema, akautoa mkono ule taratibu. "Anza tena. Na usinihurumie."